Jinsi ya Kuchagua Sampuli Mama ya Mmea wa Porini Bila Kuiaibisha Bombolulu

Bombolulu, mtaa wetu wa Mombasa, haina uhaba wa wataalamu. Simama kituoni jioni, watu wakirudi kazini, utampata anayejua kwa nini Harambee Stars haijafika Kombe la Dunia, anayejua gavana ajaye ni nani, na anayejua dawa ya kila maradhi, kuanzia kikohozi hadi kesi ya ardhi. Anayekosekana ni mmoja tu: mtu awezaye kusimama mbele ya mmea wa porini ambao haujaingia kitabuni, akachagua kipande kimoja kitakachousemea mmea huo duniani kote kwa miaka mia mbili ijayo. Mwongozo huu unamtafuta mtu huyo. Naamini yuko, pengine anakula mahamri hivi sasa, na kazi inamngoja.

Kipande hicho wataalamu wa mimea hukiita taipu. Hapa tutakiita sampuli mama. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinataka kila jina la spishi lifungwe kwenye sampuli moja: tawi lililokaushwa, likabandikwa au kushonwa juu ya karatasi ngumu, likawekwa kabatini katika hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhi mimea mikavu. Anayetaka kujua jina fulani ni la mmea gani huenda kuitazama sampuli hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 1958, ukitangaza spishi mpya bila kutaja sampuli mama, jina lako halihesabiki.

Mkazi wa Bombolulu ataelewa upesi akifikiria bikoni ya ploti. Bikoni haichimbiwi pale penye udongo mzuri zaidi, wala katikati ya ua. Kazi yake ni kukaa pale pale isisogee, ili siku wakija watu wawili na madai mawili, mpimaji aitafute na maneno yakatike. Sampuli mama ndivyo ilivyo. Si lazima iwe nzuri kuliko zote, wala si lazima ifanane na wengi wa jamaa zake. Kanuni zenyewe zinasema hivyo waziwazi. Inalazimika kuwapo, kukaguliwa na kutosogea. Ukishalielewa hilo, umeshawapita wengi wenye shahada. Sasa tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: Hakikisha hujagundua mwarobaini

Mtaani kwetu kumejaa wageni walionawiri. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Lantana, ile yenye maua ya rangi mbilimbili kando ya kila njia, ilitoka Amerika ya joto. Mivinje iliyofunika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji pale Bamburi ilipandwa kwa mikono kuanzia mwaka 1971, chini ya usimamizi wa René Haller. Ukimpelekea mtaalamu tawi la mvinje na kutangaza ugunduzi, atakupa chai, atakushukuru, na atakusindikiza hadi mlangoni.

Hata mimea ya asili usidhani imekaa miaka yote ikikungoja wewe. Ile mitambaa yenye maua ya tarumbeta inayoparamia seng'enge ina ndugu yake aitwaye Ipomoea mombassana. Jina hilo alilitoa Vatke wa Berlin katika karne ya 19, kwa mimea iliyokusanywa na Johannes Maria Hildebrandt, msafiri Mjerumani aliyefika Mombasa miaka ya 1870. Shubiri ya Rabai nayo ilipewa jina la Aloe rabaiensis na msomi wa mimea Rendle mwaka 1895. Wenzako walishapita.

Kwa hiyo kabla ya vigelegele, soma. Flora of Tropical East Africa ilianza kuchapishwa 1952, ikakamilika 2012, nayo inaeleza spishi 12,104 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu cha Henk Beentje cha 1994, Kenya Trees, Shrubs and Lianas, kitakufaa kwa miti, vichaka na mitambaa yenye shina gumu. Picha za sampuli mama kutoka hebaria kubwa za dunia ziko kwenye intaneti, na kuzitazama hakuhitaji nauli.

Kisha panda gari uende Nairobi ukafungue makabati ya hebaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea zilizokuwa zimepewa jina ndani ya miaka 5 tangu zikusanywe, na karibu robo zilitumia sampuli zilizokaa kabatini zaidi ya miaka 50. Huenda mmea wako unakungoja ndani ya gazeti lililochapishwa kabla hujazaliwa. Ukikuta haumo vitabuni, haumo pichani wala haumo kabatini, hapo sasa una haki ya kusisimka. Duniani bado hutangazwa takribani spishi 2,000 za mimea kila mwaka, na pwani yetu haijamaliza kutoa fungu lake.

Utaanza kutafuta wapi? Bombolulu imebakiwa na pori dogo: kingo za mikoko upande wa Junda, vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, na ploti ambazo kesi zake hazijaisha. Usizidharau. Ukitaka pori kubwa kuna Mwache, Rabai na Kaloleni, na ukivuka kivuko cha Likoni kuna Shimba Hills.

Hatua ya pili: Piga hodi

Adui wa hatua hii ni Bwana Ni-Kajani-Tu. Huyu huingia msituni na panga, hukata, huondoka, na akiulizwa hujibu kwamba amechukua kajani tu. Haelewi kwamba ndani ya kajani hako huenda mna dawa, manukato au mbegu ya kuwatajirisha watu wa mbali, huku mwenye msitu akibaki na kisiki. Ndiyo sababu dunia ilipitisha Itifaki ya Nagoya mwaka 2010, ikaanza kutumika 2014, na Kenya imo. Utafiti hapa nchini unahitaji leseni ya NACOSTI. NEMA hutoa kibali cha kuzifikia rasilimali za kijenetiki. Hifadhi za wanyama zina KWS, misitu ya serikali ina KFS. Fomu ni nyingi na foleni ni ndefu. Zijaze zote, simama foleni yote.

Halafu kuna mlango usio na fomu, nao ndio mzito zaidi. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo UNESCO iliitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesimama hadi leo kwa sababu wazee walikataza isikatwe. Kaya Kinondo kule Kwale, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Fika kwa wazee, bisha hodi, keti, eleza haja yako, na saa yako iache mfukoni. Ukiambiwa hapana, hapana ni jibu kamili, shukuru uondoke. Ukiambiwa ndiyo, nenda na mtu wao, mfuate nyuma, na anapokuambia mti huu hauguswi, usiuguse hata kwa kidole. Jina lake liingie kwenye karatasi pamoja na lako, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mmea ulipo.

Hatua ya tatu: Hesabu kabla ya kukata

Umeupata mmea. Rudisha kisu kwenye ala. Zunguka, hesabu. Wakusanyaji wengi hushika kanuni ya mmoja katika ishirini: kama huoni mimea 20, using'oe hata mmoja. Kata tawi lenye maua na matunda, acha shina lisimame. Mwenye pupa atakwambia, "Umebaki mmoja tu, bora niuchukue kabla haujaisha." Huyo ndiye anayeumaliza, na jina atakalolitoa litakuwa la marehemu aliyemuua mwenyewe.

Kisa cha Karomia gigas kitakutuliza mkono. Ni mti wa jamii moja na mrehani wetu wa uani, ila wenyewe unapita mita 20 kwa urefu. Wanasayansi waliukuta pwani ya Kenya mwaka 1977. Waliporudi miaka michache baadaye, mti ulikuwa umekatwa. Ukadhaniwa umetoweka duniani hadi ulipoonekana Tanzania mwaka 1993, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapata miti michache, kama sita hivi. Mbegu zilipelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, zikaoteshwa kwa taabu kubwa, kwa kuwa nyingi mno hazikuwa na uhai. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mti mrefu hivyo ulipotea kabla watu hawajamaliza kuujua. La pili, uliposhindwa kuonekana msituni, matawi makavu kabatini ndiyo yaliyowawezesha watu kusema: mti huu wa Tanzania ndio ule wa Kenya.

Hatua ya nne: Chukua mmea, usichukue kumbukumbu

Hapa kuna watu watatu wa kuepukwa.

Wa kwanza ni Bwana Jani Moja. Anakuletea jani, jani tupu, ameliweka ndani ya daftari la hesabu. Jani moja halisemi kama majani hukaa mawili mawili au hupishana, halisemi kama tawi lina miiba, wala halisemi kama mmea ni mtambaa au mti.

Wa pili ni Bi Ua Tu. Anapenda rangi. Amechuma maua, tawi ameliacha mtini. Ua ni muhimu, tena pengine ndilo muhimu kuliko vyote, kwa kuwa wataalamu hupambanua jamii za mimea kwa maua na matunda. Lakini ua lisilo na tawi lake ni shahidi asiye na anwani.

Wa tatu ni kijana wa simu. Amepiga picha 40, amezituma kwenye makundi yote ya WhatsApp, na mmea hakuukata. Picha piga, tena nyingi: rangi ya ua huondoka mmea ukikauka, na umbo la mti mzima haliingii kwenye karatasi. Lakini tangu 1 Januari 2007, kwa mimea ya kawaida picha au mchoro haukubaliki kuwa sampuli mama ya spishi mpya. Wala mmea hai uliopanda kwenye debe barazani haukubaliki, hata ukiumwagilia kila asubuhi. Ni lazima kiwe kitu kilichohifadhiwa, cha kudumu, kinachoweza kushikwa.

Chukua tawi lenye majani machanga na makubwa, vitumba, maua yaliyofunguka, na matunda yakiwapo. Mmea mdogo wa chini uchukue na mizizi yake, kama umehesabu ukaona upo wa kutosha. Gamba la mti likate kidogo uone utomvu: ni mweupe, mwekundu, au hakuna? Ponda jani unuse. Na kumbuka kwamba mimea mingine ina dume na jike mbalimbali. Aliyewahi kupanda mpapai akangoja matunda miaka miwili, akaja kuambiwa ni dume, hahitaji somo zaidi. Ukikuta mmea wa namna hiyo, kusanya wote wawili, kila mmoja kwa nambari yake. Mmoja utauteua kuwa sampuli mama, na wa pili utautaja kando kuwa parataipu.

Hatua ya tano: Kausha kabla kuvu haijakausha ndoto zako

Unyevu wa pwani hauna huruma. Mmea ulioukata asubuhi Kaloleni, ukausahau ndani ya kikapu hadi kesho yake Bombolulu, utaukuta mweusi na majani yamepukutika. Kazi ya kubana inaanza siku ile ile.

Mwendee fundi seremala, akupigie fremu mbili za fito za mbao zilizopishana, ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Ongeza kadibodi za maboksi na mikanda miwili ya kukazia. Magazeti ya zamani utayapata kwa muuza samaki wa kukaanga. Mwombe yale ambayo hajafungia bado. Tandaza tawi ndani ya gazeti, panga majani yasilaliane, na jani moja au mawili yageuze ili upande wa chini uonekane, kwa kuwa vinyweleo na mishipa ya chini ya jani vimewahi kutenganisha spishi nyingi. Funga, kaza, weka mahali penye hewa kavu. Badilisha magazeti kila siku. Ukitumia joto la taa au jiko, liwe la mbali na la polepole, hatuchomi mishikaki. Mmea uliokauka vizuri ukiugusa shavuni hauna ubaridi, na ukiunyanyua haulegei.

Kabla ya kubana, kata vipande vichache vya jani bichi uvitie ndani ya pakiti yenye zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Humo ndimo vinasaba vitahifadhika, na siku hizi mabishano mengi ya spishi huamuliwa huko. Maua manono yenye maji mengi yatumbukize kwenye chupa ya spiriti, maana yakibanwa yanakuwa uji.

Hatua ya sita: Andika leo

Mzee Nitakumbuka ndiye aliyeharibu sampuli nyingi kuliko mchwa. Anabana vizuri, anakausha vizuri, na lebo atakuja kuiandika akishatulia. Akishatulia anaandika: "Mombasa. Mti mzuri." Mombasa wapi? Likoni, Changamwe, Mwakirunge? Mzuri kwa nani?

Lebo ya haki ina mambo haya: nchi, kaunti, mahali penyewe na umbali wake kutoka kijiji kinachojulikana, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo na pori, mimea inayouzunguka, urefu wa mmea, rangi ya ua likiwa bichi, harufu, utomvu, wingi wake, majina ambayo wenyeji wanauita na lugha ya kila jina, kazi wanayoufanyia, kama wamekubali itajwe, tarehe, jina la mkusanyaji na la mwenyeji aliyemwongoza, na nambari ya mkusanyo isiyorudiwa maishani mwako. Nambari hiyo iandike pia kwenye daftari, kwenye gazeti lenye mmea, kwenye pakiti ya jani na kwenye chupa.

Jina la Kigiriama, la Kidigo au la Kiswahili si pambo la lebo. Mtafiti atakayekuja miaka 80 baadaye kuutafuta mmea huo atamuuliza bibi kizee kwa jina hilo, na bibi atamwonyesha kwa fimbo.

Hatua ya saba: Kata za kugawa

Ukiwa na mti wenye matawi tele, kata vipande vinne au vitano vinavyofanana, wakati ule ule, kutoka mti ule ule, vyote kwa nambari moja. Kimoja kitakuwa sampuli mama yenyewe, holotaipu. Vilivyobaki huitwa isotaipu, navyo hupelekwa hebaria nyingine.

Anayeona kazi hiyo ni ubadhirifu asikilize habari ya Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu yalipiga hebaria ya Dahlem na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea. Humo mlikuwa na sampuli mama nyingi mno za Afrika Mashariki, kwa kuwa wakusanyaji wa Kijerumani walikuwa wakipeleka kila kitu kwao. Mimea ya Hildebrandt ilinusurika kwa sababu moja: nakala zake zilikuwa zimegawiwa hebaria mbalimbali. Holotaipu ikipotea, wataalamu huteua lektotaipu kutoka kwenye nakala zilizobaki, na jina linaendelea kuishi. Nakala zisipobaki hata moja, wala kitu kingine alichokitumia mtoa jina, hulazimika kuteua neotaipu, yaani kuanza upya kwa kukisia kile ambacho marehemu alikuwa nacho mkononi. Nakala moja ya ziada ni kazi ya dakika tano. Kukisia ni kazi ya miaka.

Hatua ya nane: Sasa chagua

Tandaza karatasi zako zote mezani, mchana, penye mwanga. Shangazi atapita atasema chukua ile yenye maua mengi. Mfadhili atasema chukua ile itakayopendeza kwenye kalenda. Rafiki yako atasema chukua ile tuliyoikata siku ile tuliponyeshewa, ina historia. Washukuru wote, kisha uliza maswali haya kwa mpangilio huu.

Je, ina zile sehemu zinazoitenga spishi hii na jirani zake? Kama tofauti iko kwenye tunda, sampuli isiyo na tunda haifai hata iwe na maua mia. Je, ni ya mmea mmoja kweli, au kuna kijitambaa kilichojiingiza humo? Sampuli mama zenye mimea miwili zimewatesa watu vizazi na vizazi. Je, lebo yake imekamilika? Kati ya tawi zuri lenye lebo mbovu na tawi la wastani lenye lebo kamili, chukua la wastani bila kusita. Je, ina nakala? Je, mahali ilipotoka panaweza kurudiwa na mtu asiyekujua? Na mwisho, je, wewe mwenyewe umeipima, kila jani na kila petali, na vipimo vyake vimo kwenye maelezo yako?

Ikijibu yote, hiyo ndiyo. Iandike waziwazi kuwa ni holotaipu, kwa kuwa tangu 1990 neno hilo au lenye maana hiyo ni lazima liandikwe, pamoja na jina la hebaria moja itakamokaa. Usiseme "sampuli zangu zote ni mama". Mama ni mmoja.

Hatua ya tisa: Ikae nyumbani

Hapa sitanii hata kidogo. Kew, Uingereza, ina zaidi ya sampuli milioni 7, na kati yake zaidi ya 300,000 ni taipu. Nyingi zilitoka kwetu wakati ambapo hatukuulizwa. Zimetunzwa vizuri, zimepigwa picha, na mtu wa Bombolulu leo anaweza kuziona kwa simu. Hilo ni jema na tushukuru. Lakini mwanafunzi wa Kenya anayehitaji kulilowesha ua la sampuli mama ya mmea wa Rabai na kulifungua chini ya hadubini hawezi kulifanya hilo kwenye picha.

Tunayo hebaria yetu. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950, na leo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ikiwa na sampuli zinazofikia milioni moja hivi. Holotaipu ya mmea wa Kenya ikae hapo. Isotaipu ziende Kew, ziende Dar es Salaam, ziende popote penye watu watakaozitunza. Na kaunti zetu za pwani zikumbuke kwamba makabati, dawa za wadudu na mishahara ya watunzaji haviji kwa dua peke yake. Ni vitu vya kutengewa bajeti.

Hatua ya kumi: Toa jina, ulichapishe

Tangu 2012 maelezo ya spishi mpya yanaruhusiwa kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na jarida la mtandaoni linakubalika likitimiza masharti. Jina lenyewe huwekwa katika umbo la Kilatini, lakini asili yake inaweza kuwa popote. Kanuni hazikukatazi kuupa mmea jina lako mwenyewe. Adabu ndiyo inayokukataza. Wala usiupe jina la mheshimiwa miezi sita kabla ya uchaguzi, maana uchaguzi utapita na jina halitapita.

Tazama alivyofanya mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt mwaka 1970. Alikuwa na mti wa pwani wenye maua ambayo akina mama wa Mombasa wamejitia vifuani na nyweleni tangu enzi. Akaona unastahili jenasi yake peke yake, akauita Mkilua fragrans. Mkilua, vile vile tunavyouita sisi. Kuanzia Tokyo hadi Chicago, msomi wa mimea akitaka kuutaja mti huo analazimika kutamka Kiswahili.

Usilale baada ya hapo

Jina litahama, lakini sampuli mama haihami. Lile ua la zambarau la mawe ya Cha Simba, Kaloleni, lilipewa na mtaalamu Burtt jina la Saintpaulia rupicola mwaka 1964. Mwaka 2015 wataalamu waliiingiza jenasi nzima ya Saintpaulia ndani ya Streptocarpus, na ua letu leo wanalihesabu kuwa nususpishi ya Streptocarpus ionanthus. Wabishane watakavyo, rupicola ni ile iliyo kwenye karatasi ya Burtt.

Lakini ujue kwamba taipu ikiguswa, bara zima linaweza kupoteza jina. Jenasi ya Acacia taipu yake ilikuwa mgunga wa Afrika. Katika kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005 palikuwa na pendekezo la kuihamishia taipu hiyo kwenye spishi ya Australia, kwa kuwa Australia ina spishi karibu 1,000 za jamii hiyo. Waliopinga walikuwa asilimia 54.9, lakini taratibu za kikao zilidai asilimia 60 ili kuyapindua mapendekezo ya kamati. Wengi wakashindwa na wachache. Kongamano la Melbourne mwaka 2011 likaliacha jambo hilo lilivyo, na migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia. Kwenye mikutano kama hiyo kura hupigwa na waliofika na hebaria zilizotuma watu. Asiyekuwapo huletewa habari.

Basi wewe kijana wa Bombolulu unayesoma baiolojia na kujiuliza kazi iko wapi, kazi ni hii. Mwalimu, wafundishe watoto kubana mimea kabla ya kuwafundisha kuikariri. Mzee wa kaya, endelea kukataza, na anapokuja mwenye adabu, mwongoze na udai jina lako liandikwe. Mimea ya pwani isiyo na jina haina wa kuitetea mahakamani, kwenye ramani ya barabara mpya wala kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini, kwa sababu sheria hulinda kinachotajika. Nenda ukaombe ruhusa, chukua kisu na magazeti, uchague vizuri, na sampuli mama uiache Kenya.